Mpima Tumbaku Apimwa

Miaka ishirini na miwili nasoma mizani ya chama,
mkulima mbele yangu, mtumba wa tumbaku juu ya chuma,
mshale ukitetemeka kabla ya kutulia.
Nayazoea macho yao ya kunishuku:
"Sizya, jana nyumbani ulikuwa kilo sabini na nne!"
Nami hujibu: jani hunywa unyevu. Asubuhi si adhuhuri.
Mvua ya juzi imo humu ndani,
wataka nikulipe mvua?

Leo mtumba ni mimi.

Jumatatu, duka la dawa la Hamduni, pale Isevya,
kidole kikadungwa, tone likanywewa na kijikaratasi:
kumi na mbili nukta moja.
Hamduni akanitazama kama aliyekuja kunipa pole.
Jumatano, zahanati ya Cheyo: tano nukta nane.
Muuguzi akacheka, "Baba, damu yako ya kijana."
Ijumaa, Kitete, tumbo tupu tangu saa mbili usiku:
sita nukta tisa.
Mtu mmoja, wiki moja, namba tatu.
Mwizi hapa nani, mashine au mimi?

Nyamizi, mke wangu, hana haja na namba.
Yeye anahesabu mlango: jana usiku umelia mara tano.
Anahesabu mtungi, ulijazwa magharibi,
alfajiri kata inagonga udongo.
Akanishika mkono hadi nyuma ya nyumba,
akanionyesha sisimizi, msururu mwembamba,
wamepanga foleni pale nilipokojoa.
"Hawa," akasema, "hawana betri ya kuisha."

Mpima hakosi jibu.
Kiu? Ni Oktoba, Tabora nzima ina kiu, hata bati linalia.
Choo? Ni hayo hayo maji niliyokunywa.
Ukungu machoni? Vumbi la tumbaku.
Ganzi ya nyayo? Viatu vya mtumba,
vinakumbuka miguu ya mtu mwingine.
Na suruali kulegea?
Hapo nikanyamaza.
Mkanda wangu una tundu jipya.
Nililitoboa mwenyewe kwa msumari, usiku, mtu asione.

Theodosia wa maabara aliuliza polepole,
kama anayefumua mshono bila kutaka kuchana kitambaa.
Jumatatu ulikula nini?
Matobolwa.
Makavu tu?
Na asali ya Sikonge.
Ulikulia wapi?
Njiani.
Njiani mpaka wapi?
Mpaka mlangoni kwa Hamduni. Nililamba vidole.
Ulinawa?

Nikakitazama kidole changu cha kati
kama shahidi aliyehongwa.

Na Jumatano?
Nilitoka Kwihara kwa miguu, sikutia kitu mdomoni.

"Basi hakuna aliyekuibia," akasema.
"Ile ya Jumatatu ilipima asali pamoja nawe, tuiweke kando.
Ya Jumatano ilipima mtu mwenye njaa aliyetembea.
Ya leo haijagonga saba,
lakini imefika kizingitini, imeshavua viatu.
Na hao sisimizi wa mama, usiwadharau.
Kuna kipimo kinachosoma miezi mitatu kwa mkupuo,
hakiulizi asubuhi ulikula nini.
Dawa yake imekwisha. Njoo Alhamisi."

Miezi mitatu kwa mkupuo!
Laiti ningekuwa na mizani kama hiyo kwenye chama,
inayopima jani na mvua yake na jua lake,
na mikono iliyolichuma.

Jumamosi Igembe kaleta mtumba wake wa tatu.
Akasema, kama kila mwaka, "Mizani yako inakula kilo."
Nilikuwa na jibu mdomoni, lile la unyevu,
lakini ulimi ulikuwa mkavu, umenata juu.
Nikamwambia, "Shusha. Tupime tena."
Akanitazama kama mtu aliyelewa.

Mshale ukatetemeka.
Nikausubiri, na ulipotulia
ulikuwa mishale miwili.
Nikamwita mwanawe, kidato cha pili, macho maangavu:
"Njoo, kijana. Nisomee wewe."